Jumapili Nilizomzika Musembi

Jumanne asubuhi Mwikali alinipigia simu kutoka kwao Zombe, upande wa Kitui, kuniambia kaka yake amefariki. Musembi alikula vizuri, akafungia mbuzi wake, akalala, na kulipokucha hakuamka. Nilisema pole, nikasema tena pole, nikaishiwa. Halafu Mwikali akasema, "Sasa tunazika Jumamosi. Na sisi kama familia tumeonelea wewe ndiye utaongea upande wa marafiki, kwa sababu hakuna mwingine anamjua kama wewe. Tena tunasikia wewe ulikuwa mtu wa kushuhudia kanisani, huogopi watu." Akauliza kama simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa nimeketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikijiuliza nitamwambia nini huyu dada wa watu. Nimwambie kwamba kaka yake mimi nilishamzika? Tena si mara moja. Nilimzika mwaka mzima, Jumapili baada ya Jumapili, watu wakalia, na wakati huo wote yeye alikuwa hai kule Kiboko anapiga plasta. Nilimwambia sawa, nitakuja, nitaongea. Nikavaa kiatu cha pili, nikakivua tena, sikujua nilikuwa naenda wapi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ya kuzaliwa kwangu na ya shule nitayaacha, hayana kazi hapa. Mimi na Musembi tulikuwa mafundi wa mawe pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, tukijenga nyumba za kukodisha, na tulikuwa tunakunywa. Sisemi tulikuwa tunapenda pombe, watu wengi wanapenda pombe. Sisi tulikuwa tunaamka nayo. Asubuhi moja nilipanda jukwaa, nikaweka pimamaji juu ya ukuta, mkono ukatetemeka hata nikashindwa kusoma kile kipovu kiko kati au kiko pembeni, na nikaanguka na pimamaji langu. Hospitalini nilikaa wiki kadhaa. Mguu ulipona haraka, mtu ndiye alichelewa. Kulikuwa na akina mama wa kanisa waliokuwa wakija wodini na thamosi za uji, na mmoja wao, mjane wa kutoka Nunguni aliyeitwa Mama Nduku, alinitazama nikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, akasema, "Wewe ukitoka hapa hurudi barabarani. Unakuja kwangu. Niko na shamba limekwisha kwa mmomonyoko na sina mtu wa kunichimbia mitaro." Hakuniuliza kama nataka. Mpaka leo sijui kama nilitaka.

Chumba alichonipa kilikuwa stoo nyuma ya jikoni, kuta za mbao, na ndani kulikuwa na vitanda viwili vya chuma vya wanawe waliokuwa Nairobi. Kimoja alikitandika. Kingine alikirundikia magunia ya viazi, akaniambia, "Hiki kingine usikizoee. Ni cha mtu mwingine Mungu atakayemleta." Basi nikalala nikitazamana na magunia. Mimi nilikuwa nimezoea joto la Kiboko, na Nunguni ni milima na ukungu. Asubuhi unafungua mlango huoni choo, na baridi inakuingia mpaka kwenye meno. Jikoni kulikuwa na moshi na muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yatoke, yamepikwa na maharagwe, na chai yenye sukari mpaka kijiko kisimame. Sukari nilikuwa naila kama mwendawazimu. Mama Nduku alikuwa akiona nikitia kijiko cha nne anageuza uso aangalie moto, na sikujua kama ananihurumia au anakasirikia sukari yake.

Kazi ilikuwa ya mwethya. Ni majirani, wengi wao akina mama, wanaoungana leo shamba la huyu, kesho la yule, na majembe yao na nyimbo zao. Mitaro yetu inachimbwa kwa kutupa udongo juu, si chini. Unasimama kwenye shimo, unachota, unatupa kwenye mlima, na nusu yake inarudi ikuangukie usoni. Wiki ya kwanza niliona huo ni ujinga mtupu. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini tusitupe upande wa chini ambao ni rahisi, akacheka mpaka akaegemea jembe. "Chini si itaenda kwa mto, fundi? Utakuwa umechimbia watu wa Mombasa." Kwa sababu nilijua kuvuta uzi na kusoma pimamaji, walinipa kazi ya kupima mstari, na hiyo ndiyo iliyonishika. Kuanzia asubuhi mpaka saa tisa nilikuwa mtu. Saa kumi, majembe yakishaoshwa, mikono yangu ilikuwa haijui iende wapi. Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yetu na Musembi. Nilikuwa naketi kwenye ngazi ya stoo nikipanda kwa mawazo nyasi ya nepia, ile ya kushikilia kingo za mitaro, mstari baada ya mstari, mpaka chakula kiive.

Jioni moja nilimsikia Mama Nduku kupitia mbao akiongea na jirani yake. Jirani alikuwa anamwambia mlevi ni mlevi, siku moja huyu atakubebea hata mabati. Mama Nduku akapuliza moto kwanza. "Akitaka kurudia arudie," akasema, "lakini kwanza amalize ule mtaro wa juu." Wakacheka wote wawili. Mimi huku nyuma sikujua nicheke au nikusanye nguo zangu. Niliamua kuuchimba ule mtaro polepole.

Sasa ya kanisa. Kwetu huko mtu akiacha pombe hawezi kuacha kimyakimya. Ni lazima asimame mbele ashuhudie, na asimame mapema, kabla shetani hajamrudia. Jumapili ya pili pasta akaniita kwa jina, Kimanzi. Mbele yangu alikuwa ameshuhudia mama mmoja kwa machozi na wimbo, kanisa lote likiwa limesimama, na mimi nikaja na maneno yangu makavu: nilikuwa nakunywa, nikaanguka, nikaacha, Bwana asifiwe. "Amina," wakasema, ile amina ya mtu anayetafuta sadaka mfukoni. Nikaona Mama Nduku kwenye benchi la mbele ameinamisha kichwa, ameaibika kwa ajili yangu. Nikasema, "Na rafiki yangu Musembi." Nilitaka kusema nilimwacha Kiboko, mumwombee. Naapa hilo ndilo nilitaka kusema. Mdomo ukasema, "Rafiki yangu Musembi alikufa. Alikufa hivi nikimwona." Na kutoka kwenye yale mabenchi ikatoka sauti moja ya akina mama, aiii, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitolewa kwa sababu yangu. Pasta alinishika bega. Mchana Mama Nduku alichinja kuku, akaniwekea paja na kidari, akasema, "Kula, mwanangu. Kumbe umebeba mzigo mkubwa hivyo na umenyamaza?" Nilikula. Kuku alikuwa mtamu, na nilikuwa nikimeza huku natafuta mahali pa kuanzia kumwambia ukweli, na kila mfupa uliisha kabla sijapapata.

Baadaye ikawa haiwezekani. Makanisa ya milima mingine yakaniita. Jumapili hii huku, Jumapili ijayo kule, nikivaa koti la marehemu mume wa Mama Nduku, naye akifuatana nami na leso yake ya kulilia. Na kadiri nilivyozunguka ndivyo Musembi alivyozidi kufa vizuri. Mwanzo alikufa tu. Mara ya tatu alifia juu ya mifuko ya sementi. Kisha akapata maneno ya mwisho, akawa ananishika mkono na kuniambia, "Fundi, wewe ishi." Haki ya Mungu, mimi mwenyewe nilikuwa nalia nikifika hapo, na hayakuwa machozi ya kuigiza. Hilo ndilo lililonichanganya na bado linanichanganya. Hamu ikinijia saa kumi, nilikuwa namwona Musembi amelala kwenye sementi, na hamu inapungua. Kitu ambacho hakikutokea ndicho kilichonishikilia. Nilimwuliza Mungu kama anakubali kutumia uongo, hakunijibu, na mimi sikumwuliza sana kwa sababu niliogopa ajibu. Nilikuwa sijui kama nimeokoka, au ni mitaro, au ni kumwogopa tu Mama Nduku. Wakati huohuo miezi ilikuwa inapita, mikono ilikuwa imetulia, na kipovu cha pimamaji nilikuwa nakisoma bila kufumba jicho moja.

Wakati wa baridi kali, mwezi wa saba, nilikuwa nashuhudia kanisani kwetu Nunguni, kulikuwa na wageni. Nilikuwa nimefika kwenye sementi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa akaingia mtu na mfuko mweusi wa nguo, shati limepigwa pasi vibaya, nywele zimenyolewa asubuhi ileile, akaketi benchi la mwisho. Alikuwa Musembi. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema Bwana asifiwe nikaketi, hakuna ambaye angejua. Badala yake niliendelea. Nikasema alinishika mkono, nikasema alisema "Fundi, wewe ishi," nikasema alifumba macho, na wakati wote huo nilikuwa namwangalia yeye na yeye ananiangalia, mdomo wake umefunguka kidogo kama wa mtu anayesikiliza habari kwenye redio. Wakalia. Nikamwona anageuza shingo polepole, anawatazama wanaolia, mmoja mmoja. Nilimwua Musembi nikimwona kwa macho. Nimefanya mabaya mengi kwa pombe, na hili nililifanya nikiwa sijaonja hata tone.

Nje, kabla sijapata la kumwambia, Mama Nduku alikuwa ameshamfikia, maana mgeni kwake haendi na njaa. Tukajikuta mezani watu watatu, sahani ya muthokoi katikati, na avokado lililokatwa. "Na wewe mgeni unaitwa nani?" akamwuliza. Musembi alinitazama. Nikatazama chumvi. "Naitwa Paulo, mama," akasema. "Mimi ni wa upande wa Kitui, lakini kazi yangu iko Kiboko."

"Kiboko! Asi! Basi ulimjua yule kijana Musembi?"

"Nilimjua kidogo."

"Alikuwa mtu wa aina gani?"

Musembi alifikiria kweli, kijiko hewani. "Alikuwa tu mtu mzuri," akasema. "Plasta alikuwa anaijua sana. Shida ilikuwa tu ile nyingine."

"Na mama yake, yuko?"

"Yuko, mama. Yuko Zombe."

"Mimi huyo mama namwombea kila asubuhi," Mama Nduku akasema, na akatoa leso. "Kila asubuhi kabla sijawasha moto. Na kijana mwenyewe nilimlilia kama wangu."

Musembi aliacha kutafuna. Aliweka kijiko chini, akasema amekula vizuri, ameshiba, akaniomba nimwonyeshe pa kunawa. Nilimpeleka stoo. Tulipofunga mlango nilitegemea anipige, hata nilisimama sawasawa ili anipate vizuri. Hakunipiga. Alicheka kidogo. "Kumbe nilikufa vibaya hivyo, fundi? Kwa sementi?" Halafu akacheka tena, na cheko likamwishia katikati. "Walikuwa wanalia kweli ama ni mambo ya kanisa?" Nikamwambia walikuwa wanalia kweli. Akatikisa kichwa. Kitanda cha pili kilikuwa kimeondolewa magunia, viazi vilikuwa vimeshauzwa, na yeye akakaa juu yake, akabonyeza godoro kwa viganja, mara mbili, tatu. "Hiki ni cha nani?"

"Si cha mtu."

"Mimi nilisikia uko huku na umeacha," akasema akiutazama mfuko wake. "Nikasema kama Kimanzi ameweza, labda ni hewa ya huko. Nilikuja na nguo zangu. Siku ya tano leo sijagusa kitu. Sasa itakuwaje? Marehemu atahamiaje?"

Nilimwambia angoje, naenda kumwambia mama ukweli sasa hivi. Nilifika mlango wa jikoni. Hakuwemo, nilimsikia kwenye chumba chake akifungua sanduku, akiimba. Nilisimama pale na maneno yote yakiwa tayari: mama, huyu ndiye Musembi, mimi ni mwongo. Maneno saba tu, niliyapanga vizuri. Nikaona sahani yangu, kikombe changu chenye mpini uliovunjika, koti la mumewe kwenye msumari. Nilijua akiyasikia, kitanda kimoja kitapata mtu na kingine kitapoteza, na mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kuwa mtu. Nikarudi stoo. "Wiki hii si nzuri," nikamwambia Musembi. "Nitaongea naye halafu nitakutumia habari." Alinitazama kwa muda. Sijui aliona nini. "Sawa, fundi," akasema, akachukua mfuko wake, akapitia nyuma ya choo mpaka barabarani, hata hakumuaga mama.

Mama Nduku alipotokea aliuliza, "Yule Paulo ameenda wapi? Mbona ameenda na mfuko? Mimi nilidhani amekuja kukaa." Nikasema, "Alikuwa anapita tu." Jioni nilikuta kwenye kitanda cha pili kumetandikwa shuka, na juu yake blanketi nzito ya kijivu yenye harufu ya sanduku. Nikasema moyoni, kumbe ameniona nikitetemeka na baridi. Nilijifunika blanketi hiyo msimu wote, na ilikuwa na joto sana.

Habari sikutuma. Kushuhudia niliacha, nikasema koo linaniuma, na baada ya muda wakapata mwingine. Mtaro wa juu niliumaliza. Mvua ya Novemba ilipokuja, maji yalisimama ndani ya mitaro badala ya kukimbia, na Mama Nduku alitoka na mwavuli kuyaangalia, akanipiga mgongoni, na sikujisikia chochote. Mwaka uliofuata nilinunua kipande changu cha mlima, nikakichimba, nikapanda avokado, nikaoa. Sijaonja tena. Watu wananiuliza uliwezaje, na mimi nawaambia ni neema na kazi, kwa sababu hilo jibu lingine ni refu. Musembi alirudi Kiboko akanywa miaka mingine mingi, meno yakamtoka, mke akamtoka. Halafu akarudi Zombe akaacha mwenyewe, bila kanisa, bila mtu, na mbuzi wake. Simu zilipoingia alitafuta namba yangu, na kila Krismasi alikuwa ananipigia. "Marehemu hapa," anaanza hivyo. "Mumenililia mwaka huu ama mlinisahau?" Nilicheka kila mara. Hakuwahi kuuliza kuhusu kitanda, na kila Krismasi nilikuwa namshukuru kwa kutouliza na kumkasirikia kwa hilohilo.

Jana nilienda Nunguni. Mama Nduku sasa ni mzee wa kuongozwa kwa mkono, lakini masikio yapo. Nilikaa kwenye kile kigoda cha jikoni nikamwambia yote, kuanzia sementi mpaka mlango wa jikoni, na sikulia, nililia zamani vya kutosha. Alikuwa anakuna goti. Nilipomaliza aliacha kukuna, nikadhani amesinzia.

"Yule Paulo," akasema.

"Ndiye, mama."

"Nilimwona na mfuko wake. Nilijua huyu ndiye wa kitanda cha pili. Mlipokuwa stoo nilikuwa natafuta blanketi kwa sanduku." Akageuza uso upande wangu. "Ile blanketi ilikuwa yake, Kimanzi."

Niliangalia moto. Nje mtu alikuwa anafunga ng'ombe na kumtukana. Mama Nduku akaniuliza gari la kwenda Zombe linaondoka saa ngapi Jumamosi, nikamwambia ni mbali, mama, miguu yako. Akasema miguu ni yake. Amemlilia mtu huyu mwaka mzima, hawezi kukosa kumzika.

"Na wewe usianze maneno yako mengi ya zamani," akasema. "Sema alikuja na nguo zake. Halafu uketi."